Kasisi John Russell na Mbwa Wake

John Russell alizaliwa Dartmouth, Uingereza, mwaka 1795. Akiwa mwanachuo huko Oxford alinunua mbwa jike mdogo kwa muuza maziwa, akamwita Trump. Huyo ndiye mama wa ukoo wa mbwa wanaoitwa Jack Russell hata leo.

Kwa zaidi ya miaka 40 alikuwa kasisi wa Swimbridge, katika jimbo la Devon, nchi ya vilima na mabonde. Mbweha aliyekimbizwa na wawindaji alipoingia shimoni, mbwa mdogo alimfuata chini ya ardhi. Watu walitega sikio juu ya ardhi wajue anabweka wapi, ndipo wakachimba. Mlimani kazi hiyo ni ngumu. Shimo likizidi kuingia ndani ya mteremko, udongo ulio juu yake huzidi kuwa mnene, na mbwa aliyenyamaza aweza kupotea humo. Kwa hiyo Russell hakutaka mbwa wa kuua. Alimpenda anayekaa mahali pake na kubweka mpaka afikiwe.

Askofu wake, Henry Phillpotts, aliona uwindaji haumfai kasisi, akamtaka auache. Russell hakukubali. Hata hivyo hakuiacha madhabahu, na ibada za Jumapili ziliongezeka mtaani mwake. Alifariki mwaka 1883, akazikwa Swimbridge.

Ndugu wasomaji, askofu alikuwa na haki ya kuuliza saa za mchungaji zinakwenda wapi. Swali hilo latuhusu na sisi.