John Snow, munganga aliyepima maji nyumba kwa nyumba

Sisi watu wa Goma tunajua kolera. Mwezi wa 7, 1994, wakimbizi karibu milioni moja waliingia hapa toka Rwanda. Walichota maji ya ziwa vile yalivyo, juu mawe ya volkeno ni magumu, kuchimba choo ao kisima ni shida. Maelfu kwa maelfu walikufa kwa majuma machache tu. Miaka 140 mbele ya ile, mutu mmoja kule London alishaonyesha kama ugonjwa huu unapitia ndani ya maji.

John Snow alizaliwa tarehe 15 mwezi wa 3, 1813, mji wa York, Uingereza, mtoto wa kwanza kati ya tisa. Baba yake alikuwa kibarua. Alipofika miaka 14 walimpeleka Newcastle, inchi ya makaa ya mawe, kujifunza kazi kwa munganga mmoja. Kolera ikaingia kule mwaka wa 1831. Bwana wake akamtuma, kijana wa miaka 18, aende kuhudumia wachimbaji wa Killingworth.

Hapa mimi mutu wa chama cha wafanyakazi wa migodi ninasimama kidogo. Waganga wengi wa wakati ule waliamini kama kolera inaletwa na hewa mbaya. Lakini Snow alikumbuka vile wachimbaji waliishi: wanashuka na chakula chao, wanakaa chini saa nyingi, choo hakuna, maji ya kunawa hakuna, na mikono ile ile ndiyo inashika mukate. Akafikiri: ugonjwa unaingia kwa kinywa. Ndugu zangu wa koltani, si ni sisi hao? Nilishafanya kazi kwa kariere moja ambapo maji ya kunywa yalikuja kwa pipa moja, hakuna aliyeuliza yametoka wapi.

Alienda London 1836, akapata udokta 1844. Jina lake lilikuwa kubwa zaidi kwa dawa ya usingizi: ni yeye alimpa malkia Victoria klorofomu wakati wa kuzaa, 1853 na 1857. Mwaka wa 1849 aliandika kitabu kidogo juu ya kolera na maji. Wengi hawakukiamini.

Watu wanapenda kusimulia pompi ya Broad Street, mwezi wa 9, 1854. Watu zaidi ya 500 walikufa kwa mtaa ule ndani ya siku kumi, na maji yale yalionekana mazuri kwa macho. Wafanyakazi wa kiwanda cha pombe pale pale hawakufa, walikuwa wanakunywa pombe yao na maji ya kisima chao. Snow alieleza wakubwa, mkono wa pompi ukaondolewa tarehe 8.

Lakini kwangu kazi yake kubwa ni ile ya kusini ya London, mwaka ule ule. Makampuni mawili yalikuwa yanauza maji kwa barabara moja, nyumba hii inakunywa ya huyu, jirani ya yule. Lambeth ilishahamisha bomba lake 1852, ikachota juu ya mto Thames, mbali na mavi ya mji. Southwark na Vauxhall ilibaki kuchota ndani ya mji. Snow alitembea mlango kwa mlango, kila nyumba iliyokuwa na maiti, akiuliza munakunywa maji ya nani. Wapangaji wengi hawakujua, mwenye nyumba ndiye analipa. Basi akabeba chupa ndogo ya maji yao na kuyatia nitrati ya fedha. Chumvi ikiwa nyingi, maji yanakuwa meupe. Maji ya Southwark na Vauxhall, juu ya bahari inayopanda mto, yalikuwa na chumvi karibu mara 40 kuliko ya Lambeth. Chumvi haikuua mutu, ilikuwa shahidi tu. Kwa kila nyumba 10,000, kampuni ile ilikuwa na vifo 315, Lambeth 37.

Kupima pale maji yanaponywewa, njo hiyo. Kwa nyumba za zamani zenye mabomba ya risasi, yaani plombi, sumu inaingia ndani ya nyumba yenyewe, wala jicho wala ulimi haijui. Lazima kupima kwa robine. Hapa Goma wanatia klori kwa bidoni pale ziwani, vizuri, lakini nani anapima bidoni ile jioni, jikoni?

Sikubaliani naye kwa kila kitu. Mwaka wa 1855 alienda Bunge kutetea wenye viwanda vya harufu mbaya, akasema harufu haileti magonjwa. Mutu wa kazi anayevuta hewa ile siku nzima hakupata faida hapo. Kitabu chake kikubwa cha kolera kilimugharimu zaidi ya pauni 200, na pesa iliyorudi ilikuwa kidogo sana.

Alikufa kwa kiharusi tarehe 16 mwezi wa 6, 1858, na miaka 45. Kwa kumutangaza, gazeti la waganga la London lilitaja klorofomu, kolera hapana. Mwaka wa 1866 kolera ilirudi mashariki ya mji. William Farr, mwenye kuhesabu vifo kwa serikali, ambaye zamani alisitasita, akafuata mabomba kama Snow, akafika kwa kampuni iliyouza maji ya bwawa lisilofunikwa.