Lumsden: Mtafiti aliyechunguza homa ya Newala

Profesa William Hepburn Russell Lumsden, mtafiti wa Uskoti aliyezaliwa mwaka 1914 na kufariki dunia mwaka 2002, anakumbukwa katika historia ya tiba kwa uchunguzi wa homa iliyozuka mwaka 1952 katika uwanda wa juu wa Makonde.

Homa hiyo ilipinda viungo vya wagonjwa, hata Wamakonde wakaiita chikungunya. Dk. Marion Robinson wa hospitali ya misheni ya Lulindi, Masasi, alieleza dalili zake. Lumsden, aliyetokea taasisi ya utafiti wa virusi ya Entebbe, Uganda, alichunguza namna ilivyoenea.

Huko Newala maji yalikuwa adimu. Kina mama waliyateka mbali, mabondeni, na kuyahifadhi majumbani. Mbu aina ya Aedes aegypti huzaana katika maji ya namna hiyo. Hivyo akiba iliyookoa uhai ndiyo iliyolea mbu wenye maradhi. Mwaka 1953 mtafiti R. W. Ross alifanikiwa kukitenga kirusi chenyewe.

Baadaye Lumsden aliongoza utafiti wa malale huko Tororo. Kirusi nacho kilifika Lamu na Mombasa mwaka 2004, kisha kikavuka bahari hadi Comoro na Réunion. Mtungi usiofunikwa ungali hatari.