Siti binti Saad, Muuza Vyungu wa Fumba

Akina mama wenzetu, Siti alizaliwa Fumba, Unguja, mwaka 1880, akaitwa Mtumwa. Shule hakuiona. Mama yake alifinyanga vyungu, naye Siti akavibeba kichwani kwenda kuviuza, akinadi njia nzima. Utauzaje chungu bila kupaza sauti, jamani? Watu wakamjua kwa sauti kabla hajafika.

Mwaka 1911 akahamia mjini na sauti yake ile ile ya biashara, akafundishwa taarab. Wapo waliomcheka kwa ukoo na sura yake. Akawajibu kwa nyimbo. Mwaka 1928 huyooo Bombay, kurekodi santuri kwa Kiswahili! Aliimba pia habari za wanyonge walioonewa mahakamani. Alifariki mwaka 1950, na Shaaban Robert akaandika maisha yake.