Mganga hajigangi: Marie Curie na daftari la damu

Kila mwaka, wanafunzi wa sekondari wanapofikia somo la mionzi, jina la Marie Curie hutajwa kwa heshima kubwa, na aghalabu hutajwa kama la mtu aliyejitoa mhanga kwa ajili ya sayansi. Heshima hiyo siipingi. Ninachokipinga ni neno mhanga, kwa maana linafunika sehemu ya maisha yake ambayo ingemfaa zaidi kijana anayetarajia kufanya kazi hospitalini.

Alizaliwa mjini Warsaw tarehe 7 Novemba 1867, Polandi ikiwa chini ya utawala wa Urusi, na wazazi wake wote wawili walikuwa walimu. Chuo kikuu cha mji huo hakikuwapokea wanawake. Kwa hiyo alifundisha watoto majumbani mwa wenye uwezo, akamsaidia dada yake kusomea udaktari, kisha mnamo 1891 akaenda Paris. Mwaka wa 1895 aliolewa na Pierre Curie, na mwaka wa 1898 wakatangaza elementi mbili mpya, poloniamu na radiamu. Haya yanajulikana, pamoja na Tuzo zake mbili za Nobel, ya fizikia mwaka wa 1903 na ya kemia mwaka wa 1911.

Lisilotajwa sana ni kwamba hatari ilijionyesha mapema. Henri Becquerel aliunguzwa ngozi na kichupa cha radiamu alichokibeba mfukoni, naye Pierre akajifunga radiamu mkononi kwa makusudi, akapata jeraha lililochukua wiki nyingi kupona. Wote wawili walilitangaza jambo hilo mwaka wa 1901. Waliliona jeraha kama habari njema: kinachoharibu ngozi chaweza pia kuharibu uvimbe wa saratani. Nao walisema kweli, kwa kuwa tiba ya mionzi ilichipuka hapo. Lakini jeraha la ngozi huonekana kwa macho, ilhali uharibifu wa uboho ndani ya mifupa hauonekani wala hauumi.

Pierre aligongwa na gari la farasi akafa mwaka wa 1906. Vita vilipozuka mwaka wa 1914, Marie aliona kwamba majeruhi walikuwa wakipasuliwa bila daktari kujua risasi ilikolala. Akakusanya magari, akayatia mitambo ya eksirei iliyopata umeme kutoka kwa injini ya gari lenyewe, akajifunza kuendesha, akaenda hadi karibu na uwanja wa mapambano. Magari hayo yalifika takriban 20, na vituo vya eksirei katika hospitali vikafika 200. Aliwafunza wanawake wapatao 150 kazi hiyo. Binti yake Irène alianza kumsaidia akiwa na umri wa miaka 17. Kinga yao ilikuwa haba mno, na hakuna aliyepima kiasi cha miale kilichomwingia mwilini.

Si kwamba haikuwezekana. Mwaka wa 1907, Mmarekani mmoja aliyetengeneza mirija ya eksirei, Rome Wagner, alieleza kwamba alikuwa akibeba bamba la picha mfukoni na kulisafisha jioni ili aone kama limepigwa na miale. Hilo ndilo wazo la beji ya filamu iliyokuja kuvaliwa hospitalini miongo mingi baadaye.

Katika miaka ya 1920 Marie alikuwa mjumbe wa kamati ya Chuo cha Tiba cha Ufaransa iliyopendekeza vizuizi vya madini ya risasi na upimaji wa damu wa mara kwa mara kwa wafanyakazi. Katika taasisi yake ya radiamu upimaji huo ulikuwa sheria, na wanafunzi walitakiwa washike vichupa kwa koleo. Mkubwa wao hakuzijali sana sheria hizo. Vidole vyake vilikuwa vimeungua, macho yake yalipasuliwa kwa ajili ya mtoto wa jicho, na bado alikwepa kupimwa damu. Alikufa tarehe 4 Julai 1934, uboho wake ukiwa umeshindwa kutengeneza damu.

Mwaka wa 1995, mabaki yake yalipohamishiwa Panthéon mjini Paris, wataalamu walipima jeneza na kukuta radiamu kidogo kuliko walivyodhani. Ndipo wakaanza kuishuku eksirei ya vitani. Ikawa miaka 61 baada ya kifo chake, watu wanabahatisha kutoka kaburini kile ambacho daftari lingewaambia.

Leo hapa Kenya ipo Sheria ya Udhibiti wa Nyuklia ya mwaka wa 2019, na kipimo kinachokubaliwa kimataifa kwa mfanyakazi ni wastani wa milisiverti 20 kwa mwaka katika miaka mitano. Beji huvaliwa kifuani na kusomwa kila baada ya mwezi mmoja hadi mitatu. Hata hivyo, katika hospitali moja ambayo sitaitaja, niliona beji nne zimetundikwa misumarini katika chumba cha kubadilishia nguo, wenyewe wakiwa kazini. Niliambiwa kwamba anayepoteza beji huilipa. Basi mfanyakazi huihifadhi beji badala ya kuivaa, na ripoti inarudi safi kabisa. Faini hiyo iondolewe, na daktari mkuu avae beji yake mbele ya wadogo wake, kwani beji anayoiacha ofisini hakuna muuguzi atakayethubutu kumuuliza habari zake.

Walimu nawaomba wasimulie pia habari za Irène. Yeye naye alipata Tuzo ya Nobel, mwaka wa 1935, akafa kwa saratani ya damu mwaka wa 1956 akiwa na umri wa miaka 58.