Siti binti Saad: Kutoka Fumba hadi Bombay

Siti binti Saad alizaliwa Fumba, Unguja, yapata mwaka 1880, katika uzao wa watumwa. Alifinyanga vyungu na kuvinadi njiani kwa kuimba. Mwaka 1911 alihamia mjini, na huko Ali Muhsin akamfunza uimbaji. Mwaka 1928 alivuka bahari kwenda Bombay kurekodi santuri. Katika nchi hiyo uimbaji wa raga, mithili ya yoga, huhesabiwa kuwa njia ya kutuliza nafsi, na mwanafunzi huketi miaka mingi mbele ya mwalimu akijifunza kuimiliki pumzi. Siti aliikomaza yake akiwa na chungu kichwani. Nayo ni shule. Aliimba hata Kihindustani, lakini Waswahili walizigombania santuri za Kiswahili, zikiwamo zilizolaani hukumu za dhuluma. Alifariki mwaka 1950.