Kiichiro Toyoda na Neno Alilowapa Wafanyakazi Wake

Hapana mtoto wa visiwa hivi asiyelijua jina la Toyota. Amelisoma nyuma ya daladala iendayo Makunduchi, na amelisoma kwenye gari la wagonjwa linalopanda vilima vya Pemba kutoka Mkoani kwenda Chake Chake. Magari meupe yanayosubiri nje ya afisi za serikali mengi yana jina hilo hilo. Sehemu kubwa ya magari haya yalikwisha tumika Japani kabla ya kuvushwa bahari, na biashara hiyo imestawi kwa jambo moja dogo: Wajapani, kama sisi, huendesha kushoto na usukani wao uko kulia, kwa hiyo gari likishuka melini halihitaji kugeuzwa kitu.

Jina limezoeleka, lakini mtu aliyelianzisha hajulikani. Naye si mtu wa kupitwa hivi hivi, hasa na wasomaji wetu walio katika madaraka. Kiichiro Toyoda aliunda magari ambayo hapo mwanzo yalikuwa mabovu, naye hakuuficha ubovu wake. Kisha akakiacha kiti cha ukubwa wa kampuni yake mwenyewe kwa sababu ya ahadi aliyoshindwa kuitimiza. Alifariki mwaka 1952, kabla ulimwengu haujalijua jina lake.

Alizaliwa tarehe 11 Juni 1894 katika kijiji cha Yamaguchi, upande wa Shizuoka. Babu yake alikuwa seremala. Baba yake, Sakichi, alifunzwa useremala vile vile, ila akili yake yote ilikuwa juu ya vitanda vya mfumi, akitafuta njia ya kuwapunguzia taabu wanawake wa kijijini waliofuma kwa mikono. Mtu wa namna hiyo huwa mgeni nyumbani kwake. Mama yake Kiichiro aliondoka mtoto akingali mchanga, na mtoto akalelewa na babu na bibi mpaka alipochukuliwa kwenda Nagoya kwa baba yake na mama wa kambo. Alikua kijana mkimya, mwenye afya isiyo imara. Alisomea uhandisi wa mashine katika Chuo Kikuu cha Kifalme cha Tokyo, akamaliza mwaka 1920, na mwaka uliofuata akaingia katika kazi ya baba yake.

Kazi hiyo ndiyo iliyomfunza. Mwaka 1924 Sakichi na wenzake, Kiichiro akiwa miongoni mwao, walikamilisha mashine ya kufuma ambayo ilijipatia uzi mpya bila kusimamishwa, na ambayo uzi ukikatika ilisimama yenyewe. Jambo hili la pili ndilo kubwa. Mashine isiyojua kusimama huendelea kutoa nguo mbovu siku nzima, na mfanyakazi hana budi kusimama mbele yake kama mlinzi. Mashine inayosimama palipo na kosa humwacha mtu mmoja aangalie makumi ya mashine, na nguo mbovu haimfikii mnunuzi. Desemba 1929 kampuni ya Platt Brothers ya Oldham, Uingereza, ambayo mashine zake za nguo zilikuwa zimeenea duniani kote, ilikubali kulipa pauni 100,000 ili ipate haki ya kuitengeneza mashine hiyo. Kiichiro alikuwa safarini Marekani na Ulaya kwa shughuli hiyo. Huko aliona barabara zilizojaa magari, na viwanda vidogo visivyo na hesabu vilivyoishi kwa kuyatengenezea vipuri.

Japani nayo ilikwisha kuonja faida ya gari. Tetemeko la ardhi la Septemba 1923 liliua watu zaidi ya 100,000 na kuvunja reli za Tokyo, na mji ukalazimika kuagiza magari ya Ford kwa mamia ili yafanywe mabasi. Ford ikaona soko, ikafungua kiwanda Yokohama mwaka 1925. General Motors ikafuata Osaka mwaka 1927. Kwa miaka kadhaa karibu kila gari lililonunuliwa katika nchi hiyo lilikuwa la Kimarekani, limeungwa tu Japani. Wenye fedha wa Tokyo waliona ni upuuzi kushindana. Sakichi alifariki Oktoba 1930, na wanaoisimulia habari ya nyumba hiyo husema alimuusia mwanawe atumikie taifa kwa magari kama yeye alivyotumikia kwa mashine za kufuma.

Tarehe 1 Septemba 1933 idara ya magari ilianzishwa ndani ya kiwanda cha mashine za kufuma, mjini Kariya. Mkubwa wa kampuni alikuwa Risaburo, mume wa dada yake Kiichiro, aliyechukuliwa na ukoo kuwa mwana. Risaburo alikuwa mtu wa hesabu na aliogopa fedha za mashine zisije zikamezwa na magari, hatuwezi kumlaumu. Walinunua Chevrolet moja mpya, wakaifungua mpaka skrubu ya mwisho, wakapima kila kipande na kukichora. Kisha wakaanza kusubu chuma. Hapo ndipo walipojua kwamba kuchora ni jambo moja na kutenda ni jambo jingine. Kiini cha injini kina matundu na njia za maji zinazopindana ndani yake, na kalibu ya mchanga ilipovunjika au hewa iliponaswa ndani ya chuma cha moto, kazi ya siku nzima ilitupwa. Walizitupa nyingi. Injini ya kwanza iliyokubali kuwaka, Septemba 1934, haikufikia nguvu za ile waliyoiiga, ikabidi kichwa chake kichorwe upya.

Hapa pana jambo ambalo mafundi wetu wa gereji watalipenda. Kiichiro aliagiza kwa makusudi kwamba sehemu nyingi za gari lake zilingane na zile za Ford na Chevrolet. Alifahamu kwamba mtu atakayenunua gari geni, la kampuni isiyo na jina, atakwama siku moja mbali na mji, na duka lililo karibu naye halitakuwa na kipuri kingine ila cha Kimarekani. Alimfikiria mwenye gari aliyekwama kabla hajamfikiria mwenye gari anayenunua. Sisi tumepata kuliona gari zuri la idara moja likilala uwanjani msimu mzima wa mvua kwa kukosa kipande kisichozidi ukubwa wa kiganja, kwa sababu aliyeliagiza hakujiuliza swali hilo.

Gari la kwanza kuuzwa lilikuwa lori, lililoitwa G1. Lilionyeshwa Tokyo tarehe 21 Novemba 1935, na hata safari ya kulipeleka maonyeshoni kutoka Kariya haikwisha salama. Kipande cha usukani kilivunjika njiani, wakakitengeneza usiku, wakafika alfajiri. Baada ya hapo yakaanza malalamiko. Ekseli zilivunjika. Malori yalisimama katikati ya barabara na mizigo juu yake. Kwa kulitambua hilo, waliyauza kwanza karibu na kiwanda, ili fundi aweze kufika upesi palipoharibika. Shotaro Kamiya, aliyekuwa ameiacha General Motors ili aje kuyauza magari haya, alihakikisha kwamba mwenye lori halipii tengenezo la kosa lisilo lake. Naye Kiichiro, msomi wa chuo kikuu na mwana wa tajiri, alikuwa akitoka hata usiku kwenda palipokwama lori, akiingia chini yake na kuishika kwa mkono wake sehemu iliyovunjika. Bei ilikuwa chini ya ile ya malori ya Kimarekani, ijapokuwa kulitengeneza kuligharimu zaidi. Kila lori lililouzwa lilikuwa hasara, na kila lililoharibika lilikuwa somo. Wale wenye malori wa mwanzo, wachukuzi wa mkoa wa Aichi, ndio waliokuwa walimu wa kampuni, na karo ililipwa na mwanafunzi.

Mwaka 1936 serikali ya Japani ilipitisha sheria ya kuzipa leseni kampuni chache za wazalendo na kuzibana zile za kigeni. Toyoda ilikuwa mojawapo ya zilizopata. Bila sheria hiyo huenda tusingekuwa na la kuandika leo, na yafaa ikumbukwe pia kwamba kinga hiyo ilikuwa na bei. Jeshi lilitaka malori. Vita na China vilipozuka mwaka 1937, malori yaliyokuwa hayapati wanunuzi yalichukuliwa na jeshi, na faida ya kwanza ya kweli ikatoka huko. Kiichiro alikuwa akiota gari dogo la familia. Alipewa kazi ya kubeba askari.

Mwaka huo wa 1936 watu waliombwa kupendekeza alama ya gari, na zikapatikana barua zipatazo 27,000. Toyoda ikawa Toyota, jina jepesi kutamkwa, ambalo kwa hati ya Kijapani huandikwa kwa mikwaju minane, hesabu ya bahati kwao. Kampuni yenyewe ilisajiliwa tarehe 28 Agosti 1937, na kiwanda kikubwa cha Koromo kilifunguliwa Novemba 1938. Huko Kiichiro alitaka kila kipande kitengenezwe kwa kiasi kinachohitajika na wakati kinapohitajika, pasiwe na ghala lililojaa vitu vinavyongoja. Vita vililivuruga wazo hilo, wengine wakaja kulikamilisha baadaye. Alishika urais wa kampuni mwaka 1941. Tarehe 14 Agosti 1945, siku moja kabla mfalme hajatangaza kushindwa, ndege za Marekani zilikipiga kiwanda hicho na kubomoa sehemu yake.

Amani ilikuja na njaa. Wafanyakazi waliobaki walitengeneza masufuria pamoja na malori, na mwaka 1947 likatoka gari dogo la kwanza la baada ya vita. Kisha, mwaka 1949, Joseph Dodge, mtu wa benki aliyetoka Detroit, aliipangia Japani bajeti kali ya kuzuia kupanda kwa bei. Bei zilishuka, na fedha nazo zikatoweka. Wachukuzi waliokopa malori kwa malipo ya mafungu hawakuweza kulipa. Kampuni nyingine za magari zikaanza kupunguza watu.

Kiichiro alikataa. Mwishoni mwa mwaka huo alikubaliana kwa maandishi na chama cha wafanyakazi: wao watakubali mishahara ipunguzwe kwa asilimia kumi, na yeye hatamwachisha mtu kazi. Alikuwa akiwafahamu wengi wao kwa majina, maana walikuwa wameungua naye katika kusubu chuma. Lakini mabenki ndiyo yaliyoshika pumzi ya kampuni. Tawi la Nagoya la Benki ya Japani lilikusanya mabenki yatoe mkopo wa kuiokoa, na masharti yakafuata: kazi ya kuuza itenganishwe iwe kampuni ya peke yake, na watu wapungue. Aprili 1950 wafanyakazi walielezwa kwamba 1,600 kati yao wanatakiwa waondoke kwa hiari. Mgomo ukaanza.

Msomaji ajiweke mahali pake. Chama kilikuwa na hati yenye sahihi yake. Mabenki yalikuwa na fedha. Angeweza kutafuta maneno ya kuifafanua hati, na wanasheria hawakosi maneno. Angeweza kumtupia lawama Dodge, na isingekuwa uongo. Tarehe 5 Juni 1950 alijiuzulu. Kwa kuwa watu waliondoka kinyume cha neno lake, aliona haki aondoke pamoja nao. Siku chache baadaye mgomo ulikwisha, na walioacha kazi kwa jumla walizidi 2,000. Ni kweli kwamba kujiuzulu kwake hakukumrudishia hata mmoja mshahara wake, na wapo waliosema kwamba nahodha hatoki chomboni wakati wa dhoruba. Hoja hiyo ina uzito. Ila waliobaki waliwaona wakubwa wakitangulia mlangoni, na uhasama baina ya pande mbili haukupata kuwa mkali tena kama ulivyokuwa mwaka ule.

Siku 20 baada ya yeye kutoka, vita vya Korea vilizuka. Mwezi Julai jeshi la Marekani liliagiza malori 1,000, na maagizo mengine yakafuata. Kampuni iliyokuwa ikifa ilisimama ndani ya miezi michache. Aliyeketi katika kiti cha urais ni Taizo Ishida, aliyetoka upande wa mashine za kufuma, mtu mbahili ambaye hakukificha kwamba anakishikilia kiti hicho kwa niaba ya mwenyewe. Kiichiro alikuwa Tokyo katika karakana ya uchunguzi, akichora injini ndogo, shinikizo la damu likimsumbua. Mapema mwaka 1952 Ishida alimwendea na kumwomba arudi, akakubali. Hakuwahi. Alifariki tarehe 27 Machi 1952, akiwa na umri wa miaka 57. Risaburo, yule shemeji aliyeogopa magari, alimfuata mwezi Juni.

Gari la abiria aliloliota, lililochorwa na Wajapani tangu mwanzo hadi mwisho bila kuiga la mgeni, lilitoka mwaka 1955 kwa jina la Crown. Kabla ya hapo, katika kiangazi cha 1951, wakati hana cheo chochote kiwandani, kampuni ilijaribu gari jipya la milimani, likapanda mlima Fuji mpaka kituo cha sita. Gari hilo lilipewa jina la Land Cruiser mwaka 1954, na vizazi vyake ndivyo tunavyoviona asubuhi, vimefunikwa na vumbi, nje ya afisi zetu.