Mti wa lupango uliompa Livingstone wino pale Nyangwe

Kuna mti mdogo ambao watu wanaupanda kando ya nyumba, ndani ya lupango, sababu maua yake yanapendeza. Yana wekundu kidogo, kama waridi. Tunda lake lina miiba laini, na likikauka linafunguka lenyewe. Ndani kuna mbegu ndogo nyekundu. Mtoto akizichezea, vidole vinabaki na rangi, na mama anagomba juu ya nguo. Watu wa pwani wanauita mzingefuri, na rangi yake zingefuri. Kwa Kifaransa ni rocouyer.

Zingefuri njo jina la rangi ambayo David Livingstone aliandikia habari za Nyangwe mwaka 1871. Jina la mzungu huyo wasomaji wetu wa Kasongo na Kabambare wamelisikia shuleni, pamoja na mito na maziwa aliyopita. Leo tunapitia maisha yake kwa njia nyingine: tunaangalia vitu ambavyo yeye na wenzake walitumia ili kuchora na kuandika walichokiona, mimea kwanza, kisha watu.

Alizaliwa Blantyre, kule Scotland, tarehe 19 Machi 1813, nyumba ya watu maskini. Akiwa na miaka 10 tu aliingia kazi katika kiwanda cha pamba, tangu saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa mbili usiku. Siku ya mapumziko alizunguka kuokota majani na maua ili ajue dawa zake. Alipenda pia kwenda kwenye machimbo ya chokaa, ambako aliona makombe ya baharini ndani ya mawe. Akamuuliza mchimbaji mmoja yametoka wapi. Yule akamjibu kwamba Mungu alipoumba mawe, aliumba na makombe ndani yake. Wachimbaji wanaotusoma watacheka, ao watasema jibu ni nzuri.

Akasoma udaktari, akawa mmisionari, akafika Afrika ya Kusini mwaka 1841. Mwezi wa Novemba 1855 aliona maporomoko makubwa ya Zambezi. Pale juu, kwenye kisiwa kilicho karibu na ukingo wa maporomoko, alifanya bustani: akapanda kokwa za matunda ya Ulaya na mbegu za kahawa. Aliporudi mwaka 1860, viboko walikuwa wamekanyaga kila kitu.

Mwaka 1858 serikali ya Uingereza ilimrudisha Zambezi na chombo na watu wa kumsaidia. John Kirk alikuwa daktari na mjuzi wa mimea. Thomas Baines alikuwa mchoraji. Charles, ndugu ya Livingstone, alipewa kazi ya foto. Kwa hiyo ua moja la porini liliweza kushikwa kwa njia mbalimbali, na kila njia ilikuwa na shida yake. Kirk alilibana katikati ya karatasi mpaka likauke, kisha akalituma kwenye bustani ya Kew karibu na London. Umbo linabaki, lakini rangi inakufa. Baines alianza na krayoni palepale, kisha rangi ya maji, maana hiyo inakauka mbio na mtu anaweza kuifanyia kazi magotini. Rangi ya mafuta inataka siku nyingi kukauka, lakini ukikosea unaweza kupaka tena juu yake. Foto za wakati ule hazikuwa na rangi, na zilitaka kitu kitulie muda mrefu. Upepo ukitikisa jani, kazi imeharibika. Charles hakuzipata vizuri. Kirk alimshinda.

Mwaka 1859 Baines alifukuzwa kazi. Charles alimshitaki kwamba aliiba vitu vya msafara, na Livingstone akamuamini ndugu yake. Baines alikana mpaka mwisho, akaomba asikilizwe, hakusikilizwa vizuri. Sisi tunaona hapo Livingstone alimdhulumu. Wengi wetu tunajua kazi gani inaisha siku ndugu ya mkubwa anaposema neno.

Tangu hapo hakuchukua tena mchoraji wa kazi. Safari ya mwisho, aliyoianza mwaka 1866, hakuwa na mzungu hata mmoja. Septemba 1869 alifika Bambarre, yaani Kabambare ya leo. Aliisifu inchi ya Maniema, vilima vyake vyenye michikichi mpaka juu, misitu yenye kamba nene. Lakini vidonda vya miguu vilimkamata, akakaa pale miezi na miezi. Karatasi ikaisha. Wino ukaisha pia. Akashona kaye kwa vipande vya magazeti ya zamani yaliyomfikia kwa misafara, akaligeuza gazeti upande na kuandika akikata mistari iliyochapwa. Wino wake ukawa ile rangi nyekundu ambayo watu wa hapa walitia kwenye nguo.

Mwisho wa Machi 1871 akaingia Nyangwe. Alikuwa anatafuta mitumbwi ya kushuka Lualaba, na watu hawakutaka kumuuzia, walimuogopa kama walivyoogopa wafanyabiashara wenye bunduki. Akangoja zaidi ya miezi mitatu. Siku za soko zilimfurahisha. Wamama walikuja kwa mamia, wengine wakivuka mto, na kuku, samaki, vyungu, unga, chumvi, mafuta ya mawese. Alipenda kuwaangalia wakibishana bei, akaandika yote, ile nyekundu juu ya ile nyeusi.

Tarehe 15 Julai alikwenda tena sokoni. Jua lilikuwa kali. Aliona wanaume watatu wa kundi la Dugumbe wameingia na bunduki, jambo lisilo la kawaida, na mmoja akigombania kuku. Alipoanza kuondoka, risasi zikalia katikati ya wamama. Wengine wakafyatua kutoka kwenye kijito ambako mitumbwi ilifungwa. Watu walikimbilia huko wote pamoja, mitumbwi ikazuiana, wengine wakajitupa mtoni wakaogelea kuelekea kisiwa cha mbali. Aliona vichwa vikizama kimoja kimoja. Wafanyabiashara wenyewe walikadiria kwamba walikufa kati ya watu 330 na 400. Siku hiyo hiyo, ngambo ya mto, watu wa Tagamoio waliendelea kuua na kuchoma vijiji.

Tarehe 20 Julai akaondoka Nyangwe, akarudi Ujiji, ambako Stanley alimkuta. Huko alipata nafasi ya kunakili habari zake katika kitabu kikubwa, kwa wino wa kweli. Stanley alikipeleka Uingereza mwaka 1872. Habari ya Nyangwe iliwachoma watu wengi, na mwaka 1873 sultani wa Zanzibar alikubali kufunga soko la watumwa. Aliyemshikilia sultani mpaka akatia sahihi ni John Kirk, yule yule wa maua makavu, sasa balozi wa Uingereza.

Livingstone hakuyajua hayo. Alikufa kijijini kwa Chitambo, katika Zambia ya leo, Mei 1873. Susi, Chuma na wenzao wakauzika moyo wake chini ya mti, wakaubeba mwili mpaka Bagamoyo. Karatasi zake hawakuzitupa.

Lakini rangi ya zingefuri haivumilii mwanga. Zile kaye za magazeti zikafifia huko Scotland mpaka karibu hakuna aliyeweza kuzisoma, na dunia ikabaki na kile kitabu cha Ujiji. Tangu mwaka 2010 wataalamu walizipiga foto chini ya mianga ya rangi tofauti, moja baada ya ingine, mpaka wino ukajitokeza. Walipolinganisha waliona kwamba Livingstone, akinakili, alibadilisha na kupunguza mambo fulani, hasa juu ya matendo ya watu wake mwenyewe waliotumwa kwake kutoka Zanzibar. Kaye za Nyangwe zilikuwa zimesema zaidi.

Gazeti aliloandikia ni The Standard la London, la tarehe 24 Novemba 1869. Habari zake zilizochapwa hazikufifia hata kidogo. Miaka yote ambayo Nyangwe haikusomeka, hizo zilisomeka vizuri.